Kiputo Kinasema Lugha Gani? Hadithi za Picha na Kiswahili cha Kongo

Mdogo wangu ana miaka 13, na daftari lake la jiografia limejaa watu wanaopigana. Anachora vizuri kunishinda. Juzi nilikuwa ninalipitia daftari hilo, nikaona jambo ambalo pengine nisingeliona kabla ya kuanza kusoma isimu. Muuza sombe, askari wa barabarani, mzee anayevuka Lualaba kwenda Alunguli: wote wanaongea Kifaransa. Hapa Obokote muuza sombe haongei Kifaransa, wala mdogo wangu akitumwa sombe hainunui kwa Kifaransa. Nilipomwuliza kwa nini amewaandikia hivyo, akanijibu bila kuinua kichwa: "Yaya, mu bede banasemaka Kifaransa."

Sentensi hiyo imenisumbua kuliko michoro yenyewe. Ina *mu* ambapo kitabu cha shule kingetaka "katika", ina *ba-* ambapo kingetaka "wa-", na ina *-aka* mwishoni mwa kitenzi, kiambishi cha mazoea ambacho kitabu cha shule hakikijui kabisa. Kijana amesema, kwa lugha isiyoandikwa katika bede, kwamba bede zina lugha nyingine. Tena hakulalamika. Kwake ilikuwa taarifa tu, kama kusema kwamba mto unateremka kwenda Kisangani.

Makala haya yanajaribu kueleza jinsi ilivyotokea hivyo. Bede ni lile neno letu la Kongo, kutoka Kifaransa. Watanzania wanasema katuni au vibonzo, na wengine wanasema hadithi za picha. Nitatumia yote.

Kwanza tutazame kiputo, yaani lile duara lenye mkia linalotoka kinywani mwa mtu aliyechorwa. Kwa msomaji ni kitu kidogo. Kwa mwanaisimu ni kitu cha ajabu, kwa sababu ni usemi halisi usiohitaji "akasema". Katika riwaya, mwandishi anazungumza kurasa nyingi kwa sauti yake, kisha anawapisha wahusika waseme kidogo ndani ya alama za kunukuu. Katika hadithi ya picha mambo yamegeuka: karibu maneno yote ni ya wahusika, na mwandishi amejificha nyuma ya kalamu ya kuchorea. Kwa hiyo hakuna anayemhukumu kwa sarufi. Kosa likionekana, ni la muuza sombe.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalotesa wachoraji wengi. Katika riwaya mhusika hana uso mpaka nimpe mimi msomaji. Katika bede uso upo, nguo zipo, miguu mitupu ipo, kibanda cha majani kipo. Lugha iliyo ndani ya kiputo lazima ifanane na mwili uliochorwa, la sivyo jicho na sikio vinagombana. Mama aliyejifunga kitenge, amekaa mbele ya lundo la sombe, akisema Kifaransa cha darasani, anakuwa kichekesho hata pale mchoraji hakutaka kuchekesha. Ndiyo maana nadhani kiputo ni mlango mwepesi kuliko yote wa kuingiza katika maandishi lugha ambayo haijawahi kuandikwa. Na ndiyo maana inashangaza kwamba katika bede za Kongo zilizojulikana sana, Kiswahili chetu kimeuona mlango huo kutoka nje.

Habari inaanzia mbali na Maniema. *Tintin au Congo* ya Hergé ilianza kutoka Juni 1930 katika *Le Petit Vingtième*, nyongeza ya watoto ya gazeti la Brussels. Waafrika wa Hergé wanaongea Kifaransa kilichovunjwavunjwa, na makabila yake mawili yanaitwa Babaoro'm na M'Hatouvou. Ukiyatazama majina hayo haraka, yana sura ya Kibantu: kiambishi mwanzoni, irabu nyingi, kile kistari cha juu ambacho Wazungu walipenda kukiweka baada ya M. Lakini yasome kwa sauti kama Mfaransa. La kwanza ni *baba au rhum*, keki iliyolowekwa kwenye pombe. La pili ni *m'as-tu-vu*, mtu anayejishaua. Hakuna lugha yoyote ya Kongo ndani ya majina hayo. Kuna Kifaransa kilichovaa ngozi ya chui. Watu wamebishana sana juu ya picha za kitabu hicho, hata kesi ilifunguliwa Ubelgiji mwaka 2007 na mahakama ikaikataa mwaka 2012, lakini mimi kama mwanafunzi wa lugha naona mzaha huo wa majina unatosha kueleza hali yote: sura yetu ilichorwa, na sauti yetu ikatungwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilikuwa na jarida lake la picha, *Nos Images*, na ndani yake iliishi familia ya Mbumbulu, baba mwema wa mjini anayeonyeshwa namna ya kuishi kwa usafi, kuweka akiba na kutii. Visa vyake vilikusanywa katika albamu ya visa 100 mwaka 1956. Hapa Kiswahili kilikuwamo, pamoja na lugha nyingine za nchi, kando ya Kifaransa. Ila kiliwekwa wapi? Chini ya picha, katika mistari ya maelezo. Tofauti hiyo si ya mapambo. Mstari wa chini ni sauti ya mwenye jarida, anayekueleza unachokiona na unachopaswa kukifikiri. Mbumbulu hasemi, anasemwa. Kiswahili chake ni cha mwalimu wa misheni: safi, cha amri, hakina kigugumizi wala tusi.

Kiputo chenyewe kilifunguliwa Kinshasa. Mwaka 1968 Achille Ngoye na Freddy Mulongo walianzisha *Jeunes pour Jeunes*, jarida la vijana ambalo baadaye, wakati wa siasa ya uhalisi ya Mobutu, lilibadilishwa jina likawa *Kake*, yaani radi kwa Kilingala. Mhusika wake maarufu, polisi Apolosa aliyechorwa na Boyau, hakuwa Mbumbulu. Alikuwa mtu wa barabarani. Na jarida lile liliwaacha watu wa barabarani waseme kama barabarani: Kifaransa, Kilingala, na ule mchanganyiko wa vijana wa Kinshasa ulioitwa Hindubil, jina linalobeba sinema za Kihindi upande mmoja na Buffalo Bill upande mwingine. Wasomi walikunja uso, wasomaji wakanunua.

Kisha akaja Papa Mfumu'eto. Mwaka 1990, wakati nchi inatikisika na Mobutu ameruhusu vyama vingi, msanii huyu alianza kutoa vijitabu vyembamba kwa Kilingala, karatasi duni, bei ndogo, vikiuzwa sokoni na pembeni mwa barabara. Kisa chake kilichopata sifa kwanza kilikuwa cha mwanamume tajiri anayegeuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika pesa. Watu wa Kinshasa hawakuhitaji kuelezwa chatu ni nani. Leo karatasi zake nyingi zinatunzwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, jambo linalonifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Kwa hoja yetu, kilicho muhimu ni kwamba Mfumu'eto hakuomba ruhusa kwa yeyote juu ya tahajia. Aliandika Kilingala cha Kinshasa kinavyosikika Kinshasa, si Kilingala cha Biblia, na wasomaji walikitambua mara moja.

Sasa tazama upande wetu. Mchoraji mkubwa kuliko wote wa nchi, Barly Baruti, amezaliwa Kisangani mwaka 1959, mji ambamo Kilingala na Kiswahili vinapishana njia moja. Jina lenyewe Baruti ni Kiswahili kitupu. Waliokuja na bunduki walikuja na neno. Hata hivyo albamu zake zinazojulikana duniani, kama *Eva K.* na *Mandrill* alizofanya na Frank Giroud, ziko kwa Kifaransa. *Madame Livingstone* ya mwaka 2014, aliyofanya na Christophe Cassiau-Haurie, nayo iko kwa Kifaransa, ingawa inasimulia vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika, maji ambayo yalisafirisha Kiswahili kuja kwetu. Simlaumu. Albamu ya rangi yenye jalada gumu hununuliwa Brussels na Paris, na mchoraji naye ana watoto wa kulisha. Mongo Sisse naye, katika miaka ya 1970, aliwapa wahusika wake majina Mata Mata na Pili Pili, ambayo watu waliyajua tangu filamu za vichekesho za wamisionari. Pilipili jina, ulimi, Kifaransa.

Mfano unaonigusa zaidi hautoki katika bede bali kwa ndugu yake bede, yaani picha za rangi za Lubumbashi. Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Johannes Fabian historia nzima ya Zaire katika miaka ya 1973 na 1974, picha zaidi ya 100, na wawili hao walizijadili kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo yale yalirekodiwa, na Fabian aliyatumia katika kitabu cha mwaka 1996. Mtu anaeleza nchi yake kwa Kiswahili, kwa ufasaha na hasira. Kisha geuza macho kwenye picha: maandishi aliyoyapaka juu ya turubai mengi ni ya Kifaransa. Kinywa kimoja, mkono mwingine. Mdogo wangu hajawahi kusikia jina la Tshibumba, lakini anafanya vilevile katika daftari la jiografia.

Kwa nini? Sababu ya soko nimeitaja. Kuna ya mashine: kwa muda mrefu wachapaji na wachoraji wengi walikusanyika Kinshasa, na kijitabu cha Kinshasa hakifiki Kindu kwa urahisi, tunajua wenyewe safari za reli na mto. Lakini sababu ambayo fakulti yetu ingepaswa kuijadili ni ya tatu, nayo imo ndani ya vichwa vyetu. Tumefundishwa kwamba Kiswahili kinachoandikwa ni "Kiswahili bora", na kwamba tunachosema nyumbani ni makosa.

Wazo hilo si la kale kama tunavyodhani. Kiswahili kilifika Maniema pamoja na misafara ya pembe na watumwa, kikakaa Nyangwe na Kasongo kwa Tippu Tip na Waungwana wake, ambao kwao ndiko likatoka jina Kingwana. Livingstone alifika Nyangwe Machi 1871 na kukikuta hapo. Kilikuwa lugha ya soko la mtoni kabla ya Kifaransa kuonekana. Na mwaka 1928 John Whitehead na L. F. Whitehead walichapa Wayika, kando ya Lualaba hii hii, kitabu cha kufundishia Kingwana, wakikiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Lahaja, si kosa. Ni baadaye tu, usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja ulipoenea, ndipo lugha ya kwetu ikaanza kusomwa kama nakala mbaya ya lugha ya mahali pengine. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Haisemi Kiswahili kipi, na nadhani walioiandika walikuwa na akili kuacha hivyo.

Matokeo yake kwa mchoraji ni haya: akiandika Kifaransa, hakuna anayemcheka. Akiandika Kiswahili sanifu, wahusika wake wanasikika kama watangazaji wa redio ya ng'ambo. Akiandika Kingwana, anaogopa kuonekana hakusoma. Kati ya hofu hizo tatu, Kifaransa ndicho kizito kidogo. Kiswahili kinabaki kwenye vijitabu vya kuhamasisha: chanjo, kunawa mikono, uchaguzi. Humo wahusika wanasemeshwa kwa Kiswahili kilichotafsiriwa, kila mtu anasema sentensi kamili, hakuna anayemkatiza mwenzake. Ni Mbumbulu aliyepewa kiputo lakini bado hajapewa sauti.

Labda mtu atasema hali hiyo ni ya lazima, kwamba Kiswahili cha mtaani hakiwezi kubeba hadithi za picha. Jibu liko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walikohamia Wamanyema wengi, na mbele zaidi hadi pwani. Tanzania ilipata Chakubanga mwaka 1967, katuni ya Christopher Gregory katika gazeti *Uhuru*. Mhusika huyo aliingia midomoni mwa watu mpaka jina lake likatumika kuita katuni zenyewe. Baadaye likaja jarida *Sani*, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka kwa waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, huku likinong'ona neno "sanii". Humo walikaa Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge, Kipepe. Philip Ndunguru, aliyefariki kijana mwaka 1986, ndiye aliyewapa baadhi yao sura ambazo watu wanazikumbuka.

Sikiliza majina hayo tu. Ndumilakuwili ni nyoka mwenye vichwa viwili na ni mtu anayesema huku na huku. Lodilofa anabeba "lofa", neno la Kiingereza lililokwisha kuoga na kuvaa kanzu. Pimbi ni mnyama mdogo, na ni kejeli kwa mtu mfupi. Lugha ya *Sani* ilikuwa ya vijiweni, yenye mafumbo na maneno mapya, wakati uleule ambapo serikali na mabaraza yalikuwa yakitunga istilahi rasmi. Hakuna aliyekufa. Mtoto alisoma Kiswahili sanifu darasani na *Sani* chini ya dawati, akajua kipi ni cha wapi. Hata kuiga hakukuwaua: mtafiti Jigal Beez ameonyesha jinsi Komredi Kipepe alivyofuata nyayo za Asterix wa Wafaransa. Kilichobaki cha Kitanzania kilikuwa, kwa sehemu kubwa, maneno. Hapo utaona kiputo kina nguvu gani: mchoro unaweza kuazimwa, sauti haiazimwi.

Kenya ina mambo mawili yanayopingana, na yote yana faida kwetu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa zaidi ya nusu karne mpaka alipofariki mwaka 2016, miaka mingi ikiwa katika *Taifa Leo*. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu, lakini huyu ni sungura mjinga, kinyume cha ngano zote tulizosimuliwa. Kiswahili chake ni cha gazeti, hakina fujo. Kisha mwaka 2010 likaja *Shujaaz*, kijitabu cha bure kilichogawiwa pamoja na gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kikiandikwa kwa Sheng. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule bila kazi, anayeendesha redio ya siri kwa jina la DJ B. Kilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Kwa mwanaisimu, tuzo si kitu. Kitu ni kwamba Sheng, ambayo walimu walikuwa wakiipiga vita, ilichapwa kwa nakala nyingi kila mwezi na vijana wakaisoma bila kufundishwa kuisoma. Nakiri kwamba *Shujaaz* nayo ina ujumbe wa kuhamasisha na wafadhili nyuma yake. Tofauti ni kwamba Boyie anasema kama kijana, hata pale anapokufundisha kufuga kuku.

Turudi basi kwenye daftari, tujaribu wenyewe. Chukua kisanduku kimoja: soko, mama mnunuzi, mama muuza sombe, bei imepanda. Mdogo wangu aliandika: *Mais pourquoi tu augmentes toujours le prix ?* Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa "Lakini kwa nini unatupandishia bei kila siku?" Na kama inavyosemwa hapa: "Lakini juu ya nini unatupandishiaka bei kila siku?" Muuzaji anajibu: "Mama, hata miye niko nanunua bei ya juu. Bale batu ba mitumbwi banaombaka falanga mingi."

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kila neno linadai uamuzi. *Niko nanunua* ni maneno mawili au moja? Mimi naandika mawili, kwa kuwa unaweza kuingiza kitu katikati: "niko tu nanunua". *Bale batu ba* au *wale watu wa*? Hapa mjini utasikia yote mawili, wakati mwingine kwa mtu mmoja siku moja, kutegemea kama anaongea na jirani au na mgeni. Hilo, badala ya kuwa tatizo, ni zawadi kwa mchoraji: anaweza kumfanya muuzaji aseme *ba-* kwa jirani na *wa-* kwa ofisa anayekuja kutoza ushuru, na msomaji ataelewa hofu yake bila mstari wa maelezo. *Mingi* badala ya "nyingi" liachwe lilivyo. *Mutu* au *mtu*? Kwetu ile *u* inasikika, iandikwe. Lakini nisingeandika kila sauti inavyodondoka, maana kiputo kilichojaa alama za matamshi hakisomeki, na wahusika wanaanza kuonekana wajinga. Hergé alituonyesha jinsi hilo linavyofanyika.

Kuna swali la nafasi pia. Kifaransa kinakatika katika vijineno vifupi vinavyojipanga vizuri ndani ya duara. Sisi tuna *unatupandishiaka*, neno moja lenye nafsi mbili, wakati, mzizi, kufanyisha, kufanyia na mazoea. Litagonga ukuta wa kiputo. Bahati nzuri silabi zetu huishia kwa irabu, kwa hiyo unaweza kulikata karibu popote bila kumpoteza msomaji. Naona bora kulikata kabla ya mzizi, *unatu-* juu na *pandishiaka* chini, ili jicho lilione tendo zima. Herufi za mkono zinasaidia. Mchoraji anaweza kuzibana mwishoni.

Na sauti! Katika daftari lile mtu akianguka mtoni imeandikwa *plouf*, akipigwa ngumi *paf*. Kiswahili kina utajiri wa tanakali sauti ambao Kifaransa kingeomba kuuazima: kutumbukia chubwi, kuanguka pu, kukatika ka, kulala fofofo, kulowa chepechepe, kufunga ndi, kutulia tuli. Baadhi ya hizo hazina hata mlio. Nyeupe *pe* na nyeusi *ti* haziigi kelele yoyote, zinaiga ukamilifu wa hali. Bede za Ulaya hazina namna ya kuandika ukimya. Sisi unaweza kuchora chumba kitupu na juu yake ukaandika *tuli* kwa herufi kubwa.

Mwalimu wangu mmoja, nilipomweleza haya, alisema tukiandika Kingwana tutajitenga na wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi. Ni hoja nzito, sikuijibu palepale. Sasa ningemjibu kwamba ukurasa wa bede una sehemu mbili za maandishi, na hakuna sheria inayotaka ziwe za lugha moja. Mstari wa maelezo, ule wa Mbumbulu, uwe wa Kiswahili sanifu: "Siku ya pili, asubuhi, sokoni." Kiputo kiwe cha muuza sombe. Msomaji wa Dar atashikwa mkono na mstari wa juu, na *falanga* atalielewa kwa kuona noti mkononi mwa mama. Hivyo ndivyo sisi tulivyomwelewa Lodilofa bila kamusi.

Nilimpelekea mdogo wangu kisanduku kile cha soko, nikamwomba afute Kifaransa na kuandika walichosema kweli. Alikaa nacho siku mbili. Mchoro hakuubadilisha, ila muuzaji ana mdomo mkubwa kidogo kuliko mwanzo. Katika kiputo ameandika *banaombaka* kwa penseli, akalifuta, akaliandika tena, na pembeni ya ukurasa ameniachia swali: kama *-aka* inaenda na kitenzi kila siku, kwa nini mwalimu hajawahi kuiandika ubaoni?